Macho ya mgonjwa wa tezi: namna ya kuyachunga nyumbani, na lini ukimbilie hospitali

Mteja wangu mmoja ndiye aliyeliona kwanza. Nilikuwa nampima mkono wa dera hapa kibandani kwangu, Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga, tepu imening'inia shingoni na pini ziko mdomoni. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Dada, mbona wanikodolea macho? Nimekukosea nini?"

Sikuwa nimemkodolea. Nilikuwa natazama mkono wake kama ninavyotazama mikono ya watu miaka yote. Alipoondoka nikasimama mbele ya kioo cha kujaribia nguo. Juu ya mviringo mweusi wa jicho palikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea, macho yote mawili.

Wakati huo nilikuwa nimeshatimiza miezi minne tangu niambiwe nina tezi, yaani ile tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi. Moyo ulikuwa ukienda mbio hata nikiwa nimekaa, jasho likinitoka usiku wa kusi, mwili unapungua na chakula nakula, na mikono inatetemeka mpaka kutunga uzi kwenye sindano ikawa kazi ya kumwita binti yangu. Nilipewa dawa, mikono ikatulia, nikamshukuru Mungu. Lakini katika miezi ile minne hakuna aliyenitajia macho, wala mimi sikujua kwamba kuna la kuuliza. Ninaandika haya kwa ajili ya mtu aliyeambiwa jana kwamba ana tezi, au anayemuuguza mwenye tezi, ili asianze pale nilipoanzia mimi.

Kujitazama

Simama mbele ya kioo penye mwanga wa mchana, kichwa kimenyooka, utazame mbele bila kujilazimisha kufumbua. Kwa kawaida kope la juu, ile ngozi inayoshuka unapopepesa, hufunika milimita 1 au 2 za mviringo mweusi. Ukiona weupe kati ya kope na mviringo, kope limevutwa juu. Hiyo ndiyo dalili inayoonekana zaidi kuliko zote: wagonjwa 9 katika kila 10 wa macho ya tezi huwa nayo wakati fulani. Kisha mwombe mtu akae mbele yako, ashushe kidole polepole toka usawa wa paji la uso hadi kifuani, nawe ukifuate kwa macho tu. Kope likichelewa kushuka, likaacha weupe nyuma yake, hiyo ni alama nyingine.

Usijipime kwa macho ya jirani. Sisi Waafrika weusi wengi wetu macho yametokeza kidogo kwa maumbile kuliko ya Wazungu au Wachina, na umbali ambao kwa Mchina daktari angeuita ugonjwa, kwako unaweza kuwa sura uliyorithi kwa babu. Jilinganishe na wewe wa zamani. Mimi nilichukua picha ya kitambulisho changu cha taifa na picha moja ya harusi ya mdogo wangu, nikaziweka kando ya kioo. Pale sikuhitaji kuelezwa na mtu. Hizo picha zibebe uende nazo kliniki, kwa sababu daktari anayekuona leo hajui ulikuwaje juzi.

Kinachotokea nyuma ya jicho

Tezi ya thairoidi imekaa shingoni mbele, umbo lake kama kipepeo. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inakosea na kutengeneza kingamwili zinazoishika tezi mahali ambapo homoni ya TSH, ile inayoiambia tezi ifanye kazi, ingeshika, na kuiamrisha itoe homoni bila kikomo. Ndiyo moyo kwenda mbio. Sasa, mahali pa kushikwa pa namna ileile papo pia kwenye chembe zilizo ndani ya mafuta na misuli iliyo nyuma ya jicho. Kingamwili zikifika huko, chembe zile hutoa kitu kinachonyonya maji kama sponji, mafuta yanaongezeka, na misuli inayogeuza jicho inavimba.

Mshonaji mwenzangu atanielewa nikisema hivi: nguo ikibana, unafumua pindo unaongeza. Jicho limekaa ndani ya mfupa, na mfupa hauna pindo. Upande pekee ulio wazi ni mbele, kwa hiyo jicho linasukumwa mbele. Na nyuma kabisa, pale mfupa unapokuwa mwembamba kama ncha ya faneli, ndipo unapopita mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Misuli ikivimba sana pale, mshipa ule unabanwa. Hilo ndilo la kuogopa kuliko sura kubadilika, nami nitalirudia.

Kwenye karatasi yako huenda ukakuta jina la Graves au la Basedow. Ni ugonjwa mmoja. Robert Graves, daktari wa Dublin, aliueleza 1835. Carl von Basedow, daktari wa Merseburg huko Ujerumani, akaueleza 1840, akitaja pamoja shingo iliyovimba, macho yaliyotokeza na moyo unaodunda. Kwa hiyo Wajerumani, walewale waliotuachia jengo la kale pale Bombo juu ya bahari, mpaka leo wanauita kwa Basedow. Wazee wetu hapa walijua rovu, yaani shingo kuvimba, wakajua na macho ya kukodoa, ila wengi hawakujua kwamba ni watoto wa tumbo moja.

Jambo ambalo ningependa kila mgonjwa alishike ni hili: dawa ya tezi haimalizi ya macho. Vipimo vya damu vinaweza kuwa vizuri kabisa na macho yakaendelea na safari yao. Yanaweza kuanza kabla ya tezi, pamoja nayo, au mwaka na zaidi baadaye, na wako wachache wanaoumwa macho haya na tezi yao iko sawa au imekuwa mvivu. Katika wagonjwa 10 wa Graves kama 3 hivi hupata macho, na wengi wao ni kwa kiasi kidogo. Wanaofikia hatari ya kupoteza kuona ni wachache, kama 3 hadi 5 katika 100 ya wenye macho. Mimi nilikuwa katika hao wachache, ndiyo maana sauti yangu hapa imepanda.

Kwetu Tanga husemwa waja leo, waondoka leo. Maradhi haya hayana mwendo huo. Huwa na kipindi cha moto, macho yanavimba na kubadilika, cha miezi 6 hadi miaka 2 hivi. Kisha yanapoa na kubaki pale yalipofika. Dawa za kutuliza uvimbe hufanya kazi wakati wa moto. Yakishapoa, kilichobaki hurekebishwa kwa upasuaji. Ukipoteza kipindi cha moto kwa kuhangaika na dawa zisizohusika, umepoteza wakati ambao hauwezi kununuliwa tena.

Nilivyopoteza miezi mitano

Baada ya kile kioo, macho yakaanza kuwasha kama yameingia mchanga, yakitoa machozi kwenye upepo, na asubuhi kope zimevimba. Nikaenda duka la dawa. Nikapewa dawa ya matone ya aleji. Ilipoisha nikapewa nyingine, yenye steroidi ndani, dawa kali ya kutuliza uvimbe, wekundu ukapungua siku tatu, nikafurahi, kisha ukarudi. Nikaambiwa labda ni ule ugonjwa wa macho mekundu ulioenea nchini mwanzoni mwa 2024. Mahali pengine, penye koti jeupe, mtu aliniangalia kutoka upande wa pili wa meza bila kuniuliza nina ugonjwa gani mwingine. Sijui kama ningeulizwa ningepona mapema. Najua kwamba nami sikusema.

Kwa hiyo ukienda na macho mahali popote, neno la kwanza litoke mdomoni mwako: "Nina tezi." Aleji huwasha ukatamani kusugua, na mara nyingi ina msimu wake. Maambukizi hutoa usaha na tongotongo, mara nyingi huanza jicho moja kisha la pili, na huisha kwa siku au wiki chache. Macho ya tezi yana mchanga na machozi, lakini pia yana uzito nyuma ya jicho, kama mtu anasukuma kwa kidole toka ndani, hasa ukigeuza jicho juu au pembeni. Kope zinavimba zaidi asubuhi. Na hayaishi wiki mbili.

Matone ya steroidi ya dukani yaache kabisa kama hukuandikiwa na daktari wa macho. Yanaweza kupandisha presha ya jicho kimyakimya, na hayafiki kule nyuma penye uvimbe. Matone ya kung'arisha weupe nayo hayakusaidii.

Madera mawili na uzi mwekundu

Kibandani kwangu nguo zilizokamilika naziacha zimening'inia juu kwenye waya. Asubuhi moja nikainua macho kutafuta dera la mteja, nikaona safu mbili: madera ya juu na madera yaleyale tena, yamepanda kidogo juu ya ya kwanza. Nilipotazama chini kwenye cherehani kila kitu kilikuwa kimoja. Msuli wa chini ya jicho ndio mara nyingi unaoanza kukakamaa, kwa hiyo jicho linashindwa kupanda, na ukitazama juu kila jicho linaleta picha yake. Bila kujua nikaanza kutembea nimeinua kidevu ili nitazame kwa chini. Watu wa mtaani wakasema nimepata maringo. Kama una tezi na watu wanakwambia umebadilika unavyobeba kichwa, usikasirike, kapime misuli ya macho.

Nikaacha baiskeli siku hiyohiyo. Wewe nawe uache, na bodaboda, na gari, mpaka daktari akuruhusu. Ukihitaji kuvuka barabara au kushuka ngazi, funika jicho moja. Picha mbili zitakuwa moja. Mimi nilibandika tepu nyeupe ya hospitali kwenye kioo kimoja cha miwani, nikawa natembea hivyo sokoni bila haya.

Sasa uzi mwekundu. Nilikuwa nashona sare za shule zenye mstari mwekundu. Nikafunika jicho la kulia kwa kiganja ili nitunge sindano, nikaona gurudumu la uzi limepauka, kama matofali ya zamani yaliyopigwa jua. Nikadhani nimechukua uzi mwingine. Nikafunua jicho la kulia, gurudumu likawa jekundu, jekundu la damu. Nikafunika la kushoto, nikafunika la kulia, nikarudia mara nne au tano huku nimelishika lile gurudumu mkononi. Jicho la kushoto lilikuwa linapoteza rangi.

Rangi, hasa nyekundu, hupungua mapema mshipa wa fahamu wa jicho unapobanwa, na wakati mwingine hupungua kabla mtu hajashindwa kusoma herufi za ukutani. Jicho lenyewe huenda hata lisitokeze sana. Pengine ni kwa sababu halikutokeza ndiyo msukumo wote umebaki ndani. Tangu siku ile naweka gurudumu moja la uzi mwekundu kwenye droo ya cherehani, halina kazi nyingine. Kila Ijumaa asubuhi, dirishani, nafunika jicho moja kisha lingine. Unaweza kutumia kifuniko cha chupa ya soda, kanga, chochote chekundu, lakini kiwe kilekile na mwanga uwe uleule. Kisha soma mstari mmoja wa maandishi madogo kwa kila jicho peke yake. Mwisho piga picha ya uso, mbele na ubavuni, umesimama palepale. Dakika tano zinatosha.

Lini usingoje hata kesho: rangi ikipauka katika jicho moja au yote mawili, kuona kukififia kama ukungu usioondoka ukipepesa, kivuli kikifunika sehemu ya unachotazama, jicho lisilofungika likaanza kuuma sana, likachukia mwanga, au likaonyesha doa jeupe juu ya ule weusi, jicho likichomoka mbele ya kope. Nenda hospitali siku ileile. Kwa sisi wa hapa mlango wa kwanza ni hospitali ya mkoa, Bombo. Rufaa zaweza kwenda KCMC Moshi, au Dar es Salaam, Muhimbili na CCBRT, ambako wako madaktari wa macho. Sema waziwazi: "Nina tezi, na jicho hili limepoteza rangi."

Mimi nilipelekwa Moshi. Nikakaa dirishani kwenye basi, kosa ambalo wewe usilifanye. Tulipopita Korogwe, Mombo na kufika Same upepo ulikuwa umenikausha macho yakawaka kama pilipili. Kaa upande wa ndani, vaa miwani mipana, tia matone kila basi linaposimama. Kule nikawekewa steroidi kwa dripu siku 3 mfululizo, na wiki iliyofuata tena siku 3. Nilikuwa nimebeba gurudumu langu. Siku ya tano wekundu wa uzi ukaanza kurudi, kidogokidogo, kama kitambaa kinachotoka kwenye rangi. Nilimwonyesha daktari, akanyamaza, kisha akasema, "Mama, hiki kipimo chako endelea nacho."

Kazi ya kila siku

Kope likivutwa juu jicho linabaki wazi muda mrefu, na uso wake unakauka. Machozi ya bandia ndiyo dawa yako ya kila siku, hata kama macho yanatoa machozi yenyewe, kwa sababu machozi yale ni ya jicho linalolalamika, hayakai. Ukitia zaidi ya mara nne au sita kwa siku omba yasiyo na kihifadhi. Nawa mikono, vuta kope la chini, dondosha tone moja, fumba jicho taratibu kwa dakika moja huku umebonyeza kidole kwenye pembe ya jicho karibu na pua. Chupa usiiache kwenye pochi juani. Joto letu la kaskazi huharibu dawa. Chupa nyingi zikifunguliwa hazizidi wiki 4, soma karatasi yake.

Usiku mwombe mtu wa nyumbani akumulike taratibu ukiwa umelala. Binti yangu alinimulika kwa simu, asubuhi akaniambia, "Mama, unalala weupe unaonekana kwa chini." Jicho la namna hiyo linakauka saa saba mfululizo. Tia dawa ya mafuta au jeli nzito ya macho kabla ya kulala. Nesi alinifundisha kubandika: jeli kwanza, fumba jicho kabisa, kisha kipande chembamba cha plasta ya karatasi kutoka kwenye kope kushuka hadi shavuni. Ujifunze kwa mtu anayejua, maana plasta ikiachia usiku ikagusa jicho lililo wazi itakwaruza, na hapo ni afadhali usingebandika. Inua kichwa cha kitanda; mimi nilitia matofali mawili chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani. Uvimbe wa asubuhi ulipungua ndani ya wiki moja.

Kuinama huongeza msukumo nyuma ya jicho. Katika miezi ya moto nikisujudu nilihisi macho yanataka kutoka. Nikaenda kumuuliza sheikh wetu, akanikumbusha kwamba mgonjwa ameruhusiwa kusali ameketi. Nikasali kwenye kiti miezi mitano. Kufua na kufagia kwa kuinama nikawaachia wanangu, na beseni likapandishwa juu ya meza. Kwa Ramadhani, zungumza na daktari mapema akupangie saa za vidonge, na suala la matone umuulize sheikh unayemwamini. Usikate dawa kimyakimya.

Moshi. Tumbaku ndicho kitu kibaya kuliko vyote tunavyoweza kuvizuia: mvutaji mwenye tezi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata macho, humpata vibaya zaidi, na dawa humfaa kidogo. Kama unavuta sigara au shisha, hapa ndipo pa kuanzia, kabla ya kununua tone lolote. Mume wangu alikuwa anavuta sebuleni. Nilimweleza nililoelezwa, nikamwonyesha lile gurudumu la uzi, akatoka nje chini ya mwembe tangu siku ile, na bado namwomba aache kabisa. Jiko la mkaa nalo liwashwe nje, na anayepuliza asiwe wewe.

Wanja niliuacha. Najua kwetu mwanamke bila wanja anaonekana kama amefiwa, lakini wanja mwingine una madini ya risasi, na jicho lisilofungika halina wa kulisafisha. Maji ya majani, asali, maziwa ya mama: vyote nililetewa na watu wanaonipenda, nikapokea kwa heshima, nikaviweka kando. Kidonda kwenye kioo cha jicho kinaweza kuliua jicho ndani ya siku chache.

Na mwani. Pwani yetu hii kina mama wengi wanalima mwani, na jirani alinishauri niuchemshe ninywe kwa ajili ya rovu. Mwani una madini joto mengi, na yakizidi yanaweza kuivuruga tezi iliyokwishavurugika. Chumvi ya kawaida yenye madini joto itumie jikoni kama watu wote. Mwani usiufanye dawa. Vilevile kuna madini yaitwayo seleni, ambayo madaktari Ulaya huwapa wenye macho ya kiasi kidogo kwa miezi 6. Usijinunulie, yakizidi ni sumu.

Tezi yenyewe uishike

Homoni zikipanda sana macho yanaumia, zikishuka sana nayo yanaumia. Kwa hiyo vidonge vimezwe kila siku, na damu ipimwe kwa tarehe uliyopewa. Ukiwa unatumia kabimazoli, kidonge cha kuituliza tezi, ukapata homa na koo kuuma, au vidonda mdomoni, simamisha dawa na kapime damu siku ileile, kwa sababu mara chache dawa hiyo hushusha chembe nyeupe hadi hatari. Kama unatarajia mimba, mwambie daktari kabla. Na ukielezwa kuhusu iodini ya mionzi, ambayo ni tiba nzuri ya tezi, uliza swali moja: "Na macho yangu je?" Tiba hiyo inaweza kuyachochea macho yaliyo kwenye moto, hasa ya mvutaji, na daktari akijua atakukinga kwa steroidi au atachagua njia nyingine.

Kliniki ya macho daktari huhesabu mambo 7: maumivu nyuma ya jicho likiwa limetulia, maumivu likigeuzwa, wekundu wa kope, wekundu wa weupe wa jicho, uvimbe wa kope, uvimbe wa ile nyama ya pembeni karibu na pua, na uvimbe wa ngozi laini inayofunika weupe. Yakifika 3, macho yako kwenye moto. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa kope hujificha, kwa hiyo useme kwa mdomo kama kope zinachoma. Wenye moto wa kiasi cha kati hadi mkali huwekewa steroidi iitwayo methilprednisoloni kwa dripu mara moja kwa wiki, wiki 12: mara nyingi miligramu 500 kwa wiki 6 za kwanza, 250 kwa 6 zinazofuata. Kabla ya hapo wapime sukari, presha na ini lako. Kama una kisukari usikifiche. Marekani tangu Januari 2020 kuna dawa mpya iliyoidhinishwa mahsusi kwa macho haya, teprotumumabu, lakini bei yake iko mbali sana na mfuko wa mtu wa Ngamiani, na mtu anayekuuzia kitu kwa jina hilo mtandaoni mkimbie.

Macho yakishapoa kwa miezi 6 bila kubadilika, upasuaji hufuata mpangilio: mfupa kwanza, kisha misuli, mwisho kope, kwa kuwa kila hatua inaweza kubadilisha inayofuata. Ule wa mfupa ndio kufumua kwenyewe, daktari anatoa sehemu ya ukuta wa tundu la jicho ili jicho lipate pa kurudi. Kwa mtu ambaye mshipa wake umebanwa na steroidi haikusaidia, hufanywa haraka bila kungoja kupoa.

Mimi mfupa haukuguswa. Kipimo cha makengeza yangu kimechukuliwa mara mbili kwa kuachana miezi 6, namba zikalingana, kwa hiyo nimepangiwa misuli. Hadi siku hiyo nimebandikiwa kwenye kioo cha kushoto cha miwani karatasi nyembamba ya plastiki yenye mistari, iitwayo prizimu, inayoyarudisha madera yangu mawili kuwa moja. Ina ukungu kidogo. Kila Ijumaa, nikimaliza uzi mwekundu, naiosha kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, siisugui kwa kitambaa, naiacha dirishani ikauke.